Asiyekuwapo, Lake Liwepo

Mazungumzo haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja, Siakago. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika nao wayapate. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika kikundi.



Asanteni kwa kuacha ndengu shambani mkaja kukaa hapa. Najua kila mmoja ana kazi inayomngoja, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Kikundi kitashikamana vipi ikiwa wanachama wake hawaonani?

Zamani swali hili halikuwapo. Kikundi kilikuwa ni watu wanaochota maji pamoja na kusali pamoja. Tulilimiana mashamba, leo kwako kesho kwangu, na mtu asipofika, jioni unapita kwake kumwuliza kama ni mgonjwa. Lakini hebu kila katibu afungue daftari lake ahesabu. Huyu yuko Nairobi, anauza dukani. Yule yuko Mombasa. Binti wa fulani yuko Qatar, anafanya kazi za nyumbani. Kijana wa mama yule yuko Thika kiwandani. Wote wanatuma mchango kwa M-Pesa, wote ni wanachama, na siku ya mkutano viti vyao ni vitupu.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo inaeleza mambo yalivyo. Haisemi yanavyopaswa kuwa. Leo nawaomba tuipindue. Katika kikundi cha watu walio mbalimbali, asiyekuwapo, lake liwepo. Kikundi kisichoweza kufanya hivyo kitavunjika, hata kama wanachama wote ni watu wema.

Kikundi cha tangi

Kuna kikundi kimoja ambacho sitakitaja. Wanachama walikubaliana kujenga tangi la maji. Walio mjini wakawa wanatuma shilingi mia tano kila mwezi. Kisha kiangazi kikaja, mbuzi wakawa wanauzwa kwa bei ya kutupa. Wale waliokuwa nyumbani wakaona ni heri wanunue mbuzi wakati bei iko chini, wawauze baada ya mvua, halafu tangi lijengwe na faida ibaki. Uamuzi huo haukuwa mbaya. Pengine ulikuwa wa busara. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja. Lakini pia hakuna aliyewaambia wale walio mbali. Walipokuja nyumbani Desemba wakitarajia kuona tangi, wakaonyeshwa mbuzi.

Mnaweza kujua kilichofuata. Wa mjini wakasema wameibiwa. Wa nyumbani wakajibu, nyinyi mnaokunywa maji ya mfereji mnajua nini juu ya kiangazi? Mbuzi wakauzwa kwa haraka, pesa zikagawanywa, na kina mama wa pale bado wanaenda mbali na mitungi. Kunyamaza tu ndiko kulikovunja kikundi hicho.

Watu waliofanya kazi bila kuonana

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Siku hizi kuna makampuni na mashirika ya teknolojia ambayo wafanyakazi wake wako katika nchi tano au sita, na wengine hawajawahi kushikana mikono. Nao hugombana, husahauliana, hushukiana, kama sisi. Nitawaeleza juu ya shirika moja lililozaliwa kwa ajili ya Kenya, ambalo hata jina lake ni la Kiswahili. Linaitwa Ushahidi.

Mnakumbuka uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Katika vurugu zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mtu aliyekuwa Embu hakujua vizuri kinachotokea Eldoret au Naivasha, na uvumi ukajaa kila mahali.

Wakati huo mwanasheria Mkenya, Ory Okolloh, alikuwa akiandika habari za mambo hayo kutoka Nairobi, kisha ikambidi arudi Johannesburg alikokuwa akiishi. Mapema Januari 2008 aliuliza, je, kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ambayo raia ataonyesha mahali palipotokea vurugu? Kati ya walioitika walikuwa David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, Erik Hersman, Mmarekani aliyelelewa Sudan na Kenya, na Juliana Rotich, Mkenya. Kwa siku chache tu ramani ilikuwa tayari. Raia akawa anatuma habari kwa simu au kwa intaneti, na tukio linaonekana mahali pake.

Sasa angalieni hapo. Waliojenga ramani ile walitawanyika katika mabara mawili, na mwanzoni walifanya kwa kujitolea. Wakati majirani wa ua mmoja walikuwa wanachomeana nyumba, watu waliotenganishwa na bahari walikuwa wanajenga kitu kimoja. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kukaa karibu ndio umoja.

Walishikwa na nini? Mimi naona mambo mawili. La kwanza, kazi yao ilikuwa wazi, ungeweza kuisema kwa sentensi moja: raia aeleze aliyoyaona, na wengine wayaone. La pili ni ukweli. Programu yao ilikuwa na mahali pa kuonyesha kama habari imethibitishwa au bado. Ilikuwa alama ndogo, lakini siku zile neno lisilothibitishwa liliweza kumwaga damu. Watu wasioonana hawawezi kufanya kazi pamoja ikiwa mmoja wao anachanganya aliloliona na alilolisikia.

Hawakuifungia programu hiyo sandukuni. Waliitoa bure, mwingine aitumie na kuiboresha. Ndiyo maana miaka miwili baadaye ilifika Haiti.

Fimbo ya mbali

Tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikilizeni basi habari ya Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa mji wa Port-au-Prince. Kikosi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston huko Marekani, wakiongozwa na Patrick Meier wa Ushahidi, walianza kuweka habari za maafa kwenye ramani. Baada ya siku chache ikatolewa namba ya bure, 4636, ili watu wa Haiti watume ujumbe wa simu: tuko mahali fulani, tumefukiwa, hatuna maji, kuna mgonjwa.

Lakini ujumbe mwingi uliandikwa kwa Krioli, lugha ya watu wa Haiti, na waokoaji wengi waliotoka nje hawakuijua. Vyombo vyote vilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na kazi ingekwama. Walioikwamua ni watu wa Haiti wenyewe walioishi ng'ambo. Mmoja yuko Kanada, mwingine Marekani, kila mtu kwake usiku na mchana, anasoma ujumbe na kuutafsiri. Tena walijua mitaa. Mtu anaandika, niko nyuma ya kanisa fulani, na yule aliyezaliwa pale anajua ni wapi, ingawa ramani haina jina hilo.

Hapo nataka tujifunze heshima. Wale wanafunzi walikuwa na kompyuta na elimu kubwa, lakini bila mtu anayeijua njia ya nyuma ya kanisa wasingefika. Katika kikundi chetu mwanachama wa mjini ana pesa, mara nyingi ana masomo, na anaongea kwa sauti. Yule mama wa hapa anajua ni kisima gani hukauka Agosti na ni nani anayekopa bila kulipa. Hakuna mmoja anayeweza kumwambia mwenzake, sikuhitaji. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto jambo hilo kwa mfano wa mwili na viungo vyake, na sisi tunausikia kanisani, lakini kwenye mkutano wa kikundi tunausahau.

Mbali inapotumiwa kujificha

Nisiwafiche upande wa pili. Kuna kazi za teknolojia zinazounganisha mikono bila kuunganisha watu. Vijana wetu wengi wanatafuta kazi za mtandaoni, kwa hiyo ni vizuri mjue.

Huko Nairobi mamia ya vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa na kampuni iliyoitwa Sama kuchuja picha na maneno mabaya yanayowekwa kwenye Facebook. Kutwa nzima mtu anatazama mauaji na ukatili ili mimi na wewe tusivione. Mwaka 2022 mmoja wao aliyetoka Afrika Kusini, Daniel Motaung, alifungua kesi Nairobi. Alilalamikia malipo, hali ya kazi, na madhara aliyoyapata akilini. Mwaka 2023 wenzake wengi wakafungua kesi nyingine. Makampuni yalikana madai. Na Meta, kampuni yenye Facebook, ilijitetea kwamba haiko Kenya, kwa hiyo mahakama ya Kenya haina uwezo juu yake. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa hapa nchini.

Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachotaka muone ni lile neno, mimi siko huko. Umbali unaweza kumnyamazisha mnyonge, na unaweza pia kumfunika mwenye nguvu asiulizwe. Hata kwenye kikundi tunayo hayo. Yuko mwanachama wa mbali ambaye hapewi habari. Na yuko mwingine aliyechukua mkopo wa kikundi, akaenda mjini, akabadilisha laini ya simu. Wote wawili hawapo. Lake liwepo maana yake ni haki yake iwepo na deni lake pia liwepo.

Vijana wale wa Nairobi walifanya nini? Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 wa kazi hiyo, wakiwemo waliofanyia makampuni tofauti, walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi. Baada ya skrini zote zile, walitafuta ukumbi, wakakaa pamoja, wakainua mikono. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Pesa za watu walio mbali

Kanisa linajua tatizo hili tangu mwanzo. Paulo alianzisha jumuiya Korinto, Filipi, Thesalonike, na hakuweza kukaa kote. Alizishika kwa barua na kwa kutuma watu. Alipochangisha pesa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza wazi kwamba hataki mtu awe na sababu ya kumlaumu juu ya mchango huo. Paulo alikuwa mtume. Kama mtume aliona hafai kubeba pesa za watu peke yake, mweka hazina wetu ni nani?

Sanduku la kikundi tulilizoea: kufuli tatu, funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Halafu M-Pesa ikaja mwaka 2007 na tukaisifu, ni haki tuisifu. Lakini tazameni tulichofanya. Tulichukua sanduku la funguo tatu tukaligeuza kuwa simu moja, yenye namba ya siri moja, katika mfuko wa mtu mmoja. Mweka hazina akifa ghafla, au simu ikitumbukia mtoni, kikundi kinabaki kupiga magoti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

M-Pesa yenyewe ilitengenezwa na watu walio mbalimbali, Kenya na Uingereza, na mitambo yake mikuu ilikaa Ujerumani mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Pesa zako zilikuwa zinapita kwa mikono ambayo hutaiona maisha yako. Uliamini kwa sababu gani? Kwa sababu kila shilingi ina ujumbe wake, na ujumbe unafika kwa aliyetuma na kwa aliyepokea. Kila upande una ushahidi. Kikundi nacho kifanye hivyo.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, andikeni. Sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kilichosajiliwa kiwe na katiba. Msiichukue ya jirani mkabadilisha jina. Wekeni ndani yake jinsi mwanachama wa mbali anavyotoa kura, na apewe siku ngapi za kujibu. Na muandike hivi: kusudi la pesa lisibadilishwe kabla walio mbali hawajaulizwa. Mstari huo mmoja ungeokoa lile tangi.

Pili, pesa zisilale kwenye simu ya mtu. Zikishaingia, zipelekwe kwenye akaunti ya kikundi, benki au Sacco, yenye watia sahihi watatu. Kila mkutano taarifa ya akaunti isomwe kwa sauti, na picha ya ukurasa huo itumwe kwa walio mbali siku hiyohiyo.

Tatu, tenganisheni lililoonekana na lililosikika. Kwenye WhatsApp mtu anaandika, nimesikia mweka hazina amenunua pikipiki. Kufikia jioni ni mwizi. Fanyeni kuwa desturi kwamba anayeleta neno aseme kama ameliona yeye mwenyewe, au ameambiwa, na ni nani wa kulihakikisha. Habari isiyohakikishwa isijadiliwe wakati mhusika hayupo.

Nne, jueni nani hasa yuko mbali. Hapa wengi hukosea. Mnadhani aliye mbali ni yule wa Qatar. Yule wa Qatar ana simu kubwa, anajua kila kitu kabla yenu. Aliye mbali ni mama mzee wa hapo chini ya Kiang'ombe ambaye ana kasimu kadogo ka kupiga tu, na kikundi kimehamishia mambo yote WhatsApp. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti na hajui kikundi kimeamua nini. Mteueni mtu mmoja wa kumpitia na kumsomea. Jibu lake nalo liandikwe kwenye daftari.

Tano, simu isichukue mahali pa mkutano. Mwaka 2005, M-Pesa ilipokuwa bado katika majaribio, shirika la mikopo la Faulu Kenya liliijaribu na vikundi vyake. Watu wakaweza kulipa mikopo kwa simu. Ndipo Faulu ikaingiwa na wasiwasi, maana mtu akishatuma pesa haoni tena sababu ya kuja mkutanoni, na kikundi kinalegea. Wasiwasi huo ulikuwa wa haki. Kikundi si mahali pa kukusanyia pesa tu. Ni mahali pa kujua kwamba mtoto wa fulani ameacha shule. Kwa hiyo pangeni angalau siku moja kwa mwaka, labda Desemba, ambayo kila mtu anajitahidi kuwapo. Kumbukeni wale vijana wa Nairobi, walioishi kwenye skrini lakini siku ya kuamua walikaa ukumbi mmoja. Na katika msiba, tumeni rambirambi kwa simu, ndiyo, lakini aliye karibu aende. Mchango unatumika kwa simu. Kuketi na mfiwa usiku hakutumiki.

Ndugu zangu, kiangazi kingine kitakuja, hilo hatuna shaka. Siku hiyo tutahitaji mikono ya hapa na mifuko ya kule. Tukiwa tumezoea kuambiana ukweli wakati mambo ni mazuri, tutaambiana ukweli wakati mambo ni magumu. Rudini nyumbani, na kabla ya mkutano ujao katibu asome majina ya wasiokuwapo, moja moja, na kwa kila jina kikundi kijiulize: huyu anajua tunachotaka kuamua? Kama hajui, ngojeni.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Wanachama wetu wangapi hawafiki mikutanoni? Ni kwa sababu ya umbali, au kwa sababu nyingine?
2. Je, tuliwahi kubadilisha kusudi la pesa bila kuwauliza wote? Matokeo yalikuwa nini?
3. Leo hii, simu ya mweka hazina ikipotea, pesa zetu ziko wapi?
4. Ni nani kati yetu aliye karibu kwa nyumba lakini mbali kwa habari? Nani atampitia?
5. Ni siku gani ya mwaka sote tunaweza kukutana ana kwa ana?

Kila kikundi kiandike majibu yake na kuyaleta katika mkutano ujao wa viongozi.